Gome Lililochemshwa

Bertilla, mganga wa mitishamba, alikuwa amesema kwa kituo, tena mara mbili, ili Anyelwisye, mtaalamu aliyetoka mjini, asije akasingizia kwamba hakusikia. Gome hili halipelekwi motoni wala halitiwi maji. Linatwangwa, linalowekwa siku tatu katika pombe ya ulezi iliyokomaa, kisha linachujwa. Aliyekula kiporo kikamgeuka, akawa anaharisha damu, hupewa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Anyelwisye aliyaandika yote hayo kwenye daftari, akashukuru, akafunga furushi la magome nyuma ya baiskeli na kurudi Sumbawanga.

Alikuwa mtu wa Rungwe, mtumishi wa chumba kidogo cha uchunguzi nyuma ya maghala ya nafaka, chenye darubini moja na jiko la mafuta ya taa. Tena alikuwa Mmoraviani wa kukata na shoka. Pombe ilimmaliza baba yake mdogo, na tangu hapo aliapa kutoigusa hata kwa ncha ya kidole. Jirani zake Wafipa, Wakatoliki wasioona ubaya wowote kutoka misani na kupitia kilabuni, walimtania kwamba huko mbinguni atakaa peke yake na glasi yake ya maji. Naye alicheka nao, ila moyoni alijiona bora kuliko wao. Tuseme kweli, alijiona bora sana.

Mwaka ule watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na wakubwa wakataka dawa za wazee zipimwe. Mzee Urbano, mwenyekiti wa kijiji kipya cha Kalembe, hakumficha Anyelwisye neno. Karatasi ya majibu ikisema dawa ya Bertilla ni dawa, mama huyo atapewa chumba kando ya zahanati. Ikisema si dawa, ataacha, maana kijiji kipya hakitaki mambo ya kubahatisha.

Basi gome likatwangwa, ikabaki pombe. Anyelwisye alichukua jagi akaenda hadi mlangoni mwa kilabu. Hapo akamwona Andwele, mwenzake wa kwaya, anakuja kwa miguu upande wa pili wa barabara. Aliliingiza jagi ndani ya koti, akageuka, akarudi kazini kwa mwendo wa haraka kama mwizi. Kama dawa ipo, alijiambia, ipo kwenye gome, haipo kwenye ulevi. Akawasha jiko, akalichemsha gome kwa maji.

Alivitumbukiza viduara vya karatasi katika maji yale mekundu, akavipanga kwenye visahani vya glasi alimopanda vijidudu vya kuhara, aone kama vitakufa. Kesho yake vijidudu vilikuwa vimetanda kila mahali, hata juu ya karatasi zenyewe. Akaandika kwamba dawa haina nguvu. Palipotakiwa aeleze ilivyotayarishwa, aliandika, "Kama alivyoelekeza mwenye dawa." Alijua anaandika uongo. Aliona ni uongo mdogo, wala haumdhuru mtu.

Karatasi ilisomwa mkutanoni Kalembe. Anyelwisye alisikia kwamba Bertilla hakubisha.

Ikaja Saba Saba. Kijiji kilichinja ng'ombe wawili, nyama ikabaki, ikalazwa kwenye mapipa, ikaliwa kesho yake bila kupashwa moto vizuri. Watu zaidi ya thelathini waliugua na wanne wakafa. Choo cha wagonjwa kililetwa kwa Anyelwisye katika vichupa, akapanda vijidudu vyake, na kila alipoinua macho aliliona furushi la magome yaliyobaki, pale pale rafuni.

Siku ya nne alishindwa kuvumilia. Alichukua spiriti safi ya maabara, kileo kile kile kilichomo katika pombe, akaizimua kwa maji hadi ikawa nyepesi, akaloweka gome siku tatu bila moto. Safari hii, kuzunguka kila kiduara cha karatasi, palikuwa na mviringo mweupe usio na kijidudu hata kimoja. Alirudia kazi ile mara tatu akiomba mviringo upotee. Haukupotea.

Alijua vizuri kwamba mviringo kwenye glasi si mtu aliyepona, na kwamba mengi yanayoua vijidudu kisahanini hushindwa tumboni. Alijikumbusha hivyo njia nzima ya kwenda Kalembe, na hakupata nafuu.

Alimkuta Bertilla uani akipepeta ulezi. Akamwamkia shikamoo, akapewa kigoda. Alieleza kwamba amepima upya, dawa imeonyesha nguvu, naye ataandika karatasi nyingine aisome mwenyewe mkutanoni. Bertilla aliendelea kupepeta.

"Mume wangu Zenon naye aliugua," alisema baadaye. "Mtungi wa dawa ulikuwepo ndani, niliyoloweka kabla ya karatasi yako. Aliniomba. Nikamwambia wenye elimu wamepima, si dawa, tusubiri gari la hospitali. Akazidi kuomba. Nikaumwaga ili asinisumbue."

Gari lilifika siku ya tatu, akasema, wakati wa kuzika.

Anyelwisye alimpa pole, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. Ndipo mama akauliza imekuwaje gome moja likataliwe mwezi ule, likubaliwe mwezi huu. Jibu jepesi lilikuwa karibu. Angeweza kusema darubini ilikuwa mbovu, na mama angesadiki, kwa kuwa alikwisha kusadiki jambo kubwa kuliko hilo. Lakini Anyelwisye alichoka kudanganya. Alimweleza yote: jagi, kilabu, Andwele, jiko, na maneno aliyoyaandika akijua si kweli.

"Kanisa letu haligusi pombe, mama," alimalizia.

Bertilla aliweka ungo chini. Alimtazama uso, akatazama mikono yake iliyokuwa safi mpaka kwenye kucha, akarudi tena usoni.

"Kwani ni wewe uliyekuwa unaumwa, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua.