Kitambaa Cheupe cha MmaOteng

Yupo mzazi anayempoteza mwanawe kwa fimbo, na yupo anayempoteza kwa huruma. MmaOteng, yaani Mama Oteng, alibakiza kidogo awe huyo wa pili, na wala hakujijua.

Alikuwa akikaanga magwinya, maandazi ya kwao Botswana, kando ya barabara kuu iendayo Francistown, mahali ambapo punda na ng'ombe hujivukia watakavyo. Trafiki walipapenda pale. Waliitega kamera yao nyuma ya mgunga, ikasimama kwa miguu mitatu ikijipigia picha kila gari lililozidisha mwendo, nao wakakaa kivulini wakila magwinya. Wakifika tu, MmaOteng hufunga kitambaa cheupe kwenye nguzo ya kibanda. Trafiki walidhani ni cha kufukuzia nzi. Madereva walijua. Kitambaa kipo, punguza mwendo. Hakipo, njia ni yako.

Aliyemfungia hasa ni Oteng, mwanawe wa pekee, dereva wa gari la mikate la tajiri mmoja wa Palapye. Tajiri alishasema, faini moja tu, aache funguo mezani.

"Mama, wewe ndiye serikali yetu!" Rra Sebina, yaani Bwana Sebina, dereva wa malori, humwambia, mdomo umejaa. "Ile si kamera ya usalama, ni mtego wa sungura. Watu wazima na sare zao wanajificha kichakani!"

"Si usikimbie, basi?" MmaGorata, muuza matikiti wa jirani, humchokoza. "Mtego unamkamata aendaye mbio."

"Wewe mama hujui gari."

"Gari silijui. Jeneza nalijua."

Watu hucheka, na MmaOteng hucheka nao. Karibu kila asubuhi Oteng alipopita, trafiki walikuwapo, kwa hiyo mama hakupata kumwona mwanawe ila anakuja taratibu kama bwana harusi, kioo kimeshushwa. "Umeamkaje, mama?" "Nimeamka, baba. Pole pole huko." Moyo wake ukatulia. Akasema, mwanangu ni dereva mwenye adabu.

Sasa sikia. Asubuhi moja trafiki hawakuja. Walikwenda kumzika mwenzao. Nguzo ikabaki tupu. MmaOteng alikuwa akigeuza magwinya alipousikia mvumo wa gari kabla hajaliona.

"Mtoto wa nani huyu," akasema, "asiyekuwa na mama?"

Akainua macho. Lilikuwa gari la mikate.

Punda mmoja na mwanawe walikuwa wameshaingia barabarani. Magurudumu yakalia, gari likayumba huku na huku, likawakwepa, likazama kwenye mchanga na kuinama upande. Mlango wa nyuma ukafunguka, mikate ikamwagika juu ya lami. MmaOteng alikimbia na kijiko chake mkononi.

Oteng alitoka mwenyewe. Akajilazimisha kucheka.

"Sikuona kitambaa, mama. Nikajua njia ni yangu."

Mama alimshika uso kwa mikono yenye unga, akampapasa kichwa, shingo, mabega, vile alivyompapasa siku ile mkunga alipomwekea kifuani. Hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Kijana alikuwa ametii alichofundishwa.

Tajiri alimkata mshahara kwa mikate iliyomwagika, ila funguo akamwachia. Baadaye kidogo kgosi, mkuu wa kijiji, aliwaita watu barazani. Serikali ilitaka kusimamisha pale kamera ya kudumu, juu ya mlingoti, ikauliza maoni ya wenyeji. Kila mtu alikuja na kiti chake.

"Tunaikataa!" alisema Rra Sebina. "Watujengee uzio wa mifugo, hatutaki jicho la kutuvizia. Muulizeni MmaOteng, mama wa madereva!"

Wakapiga makofi. MmaOteng akasimama, akajifunga shali vizuri.

"Wanangu, nilikuwa nawafungia kitambaa ili msikamatwe. Nikadhani nawapenda. Kumbe nilikuwa nawaonyesha siku za kufa. Uzio ujengwe, na kamera iwekwe. Isimame usiku na mchana, isiende mazishini."

"Ametugeuka huyu!" mtu akaguna.

"Mwacheni," kgosi akasema. "Hapa kila mtu husema lake."

Upande wa wanaume, Oteng aliinamisha kichwa.

Madereva walimnunia. Rra Sebina akapeleka njaa yake kibanda cha mbele. Oteng naye akawa anapita bila kusimama, na mama hakujua kama ni hasira au aibu. Kitambaa hakukifunga tena, trafiki wawepo wasiwepo. Kila gari la mikate liliposikika, alishika nguzo na kuacha mafuta yaungue.

Enyi mlio na watoto barabarani, msiwasaidie kukwepa faini. Faini inalipika.

Ndipo siku moja gari la mikate likaja nyuma ya ng'ombe wa watu, polepole, bila kupiga honi, mpaka ng'ombe wa mwisho akavuka. Likasimama kibandani. Oteng akashuka, akala magwinya mawili, akajifuta mikono kwenye suruali kama alivyokatazwa tangu utotoni.

"Jioni nitaleta mkate," akasema.

Akaingia garini. Hakuuliza kama trafiki wapo.