Maharage ya Watu Wanane

Mwalimu Hussein alinipa sentensi nne za Kifaransa nizikariri kama sala. Napenda kupika. Hupika wakati wangu wa mapumziko. Kupika hunifurahisha. Chakula ninachokipenda zaidi ni keki ya chokoleti. Hiyo keki mimi nimeiona dirishani tu, hapa Gitega mjini, na nikamwambia hivyo.

"We dada Christina, sema tu," akajibu. "Nani atakuja jikoni kuangalia ndani ya marmite yako? Passe-temps iko kitu ya kufurahisha. Usilete historia ya kambi."

Passe-temps ni jambo la kupitishia wakati. Nilikasirika kimoyomoyo. Kambini Ngara, Tanzania, nilikokulia, wakati ulikuwa tele, lakini sikuwahi kumsikia mama akisema anapika ili upite. Alipika kwa sababu tulikuwa wanane: yeye, baba, kaka zetu wanne, mdogo wangu Martha na mimi. Kadi ya mgao iliandikwa wanane. Mama alichota maharage kwa kopo la mafuta, nusu kopo kwa kila mtu, huku akitutaja majina. Tukishakula, mmoja wetu alikuwa na zamu ya kukomba sufuria. Kwa zamu hiyo tulipigana, tukanuniana, tukapatana. Nakumbuka mpaka mlio wa kijiko kwenye ukoko, na nasema wazi, natamani ningeusikia tena.

Lakini nilizikariri sentensi za Mwalimu. Miaka miwili nimeosha vyombo katika nyumba ya wageni ya Madame Kasilda, na sasa alitafuta mpishi atakayeweza kuongea na wageni kwa Kifaransa. Nikishinda, nashika mwiko. Nikishindwa, nabaki na sabuni yangu.

Ijumaa asubuhi akaniita ofisini. Sentensi tatu zilitoka bila kukwama. Nilipofika kwenye keki, ulimi ukagoma. Mwongo huwa ana njia fupi, na yangu iliishia hapo.

"Non, Madame," nikasema. "Les haricots." Maharage.

Akatabasamu. Akauliza napika ya watu wangapi.

"Huit." Wanane.

"Ah, una famille kubwa!"

"Non. Je suis seule." Niko peke yangu. Sikuolewa, na sipendi kuulizwa kwa nini.

Kalamu akaiweka mezani. "Peke yako, halafu wanane?"

Hapo Mwalimu Hussein hakuwa amenifundisha kitu. Nilitaka kumweleza kwamba baba na mama tumewazika nyumbani Giteranyi, kule Muyinga, baada ya kutoka kambini, kwamba kaka zetu wametawanyika na hata simu hawapigi, kwamba kila jioni jirani zangu wanakula maharage yangu na bado yanabaki ya kesho. Kifaransa changu hakikutosha kwa yote hayo. Nikatumia nilichokuwa nacho.

"Maman, huit. Le camp, huit. Maintenant, moi." Nikainua kiganja. "Mais la main, huit."

Mama, wanane. Kambi, wanane. Sasa ni mimi. Lakini mkono bado ni wanane.

Madame Kasilda akajipangusa pua.

"Lundi uache vaisselle," akasema, yaani Jumatatu niache vyombo. "Uingie cuisine, ushike mwiko. Na ile keki yako ya Hussein, usinipikie!"

Kumbe alijua. Mwalimu anawafundisha watu wote keki ileile.

Nilitoka nje nikampigia Martha, aliyebaki Giteranyi na mumewe Gervasi, wawili tu. Nilimpa habari, akapiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha nikamuuliza swali ambalo hatujawahi kuulizana.

"Martha, umeinjika maharage ya watu wangapi?"

Nikasikia akifunua sufuria.

"Gervasi ananisema kila siku," akajibu taratibu. "Dada, siwezi kupunguza."

Machozi yakanitoka pale pale barabarani, na sikuona haya.

"Leo zamu ya kukomba sufuria ni ya nani?"

"Yako," akasema. "Njoo."