Somo Lililokwama

"Mama Ruguru, huwezi kuleta somo lililokushinda kwenye kongamano la kimataifa!" Kithinji alisema, akishusha sauti ili wageni wasisikie.

"Kwani nilete nililoliweza? Hilo la nini?"

Kithinji ndiye mwenyekiti wa kongamano. Tulipoanza mikutano hii kule Manyatta, tulikuwa walimu wachache wa kompyuta katika darasa la kuazima. Kanuni ilikuwa moja: unafundisha mbele ya wenzako somo ambalo wanafunzi wako hawakulielewa, nao wanakuambia ulikosea wapi. Kithinji mwenyewe alichekwa mpaka akatokwa na machozi. Jumatatu yake alifundisha vizuri.

Sasa tuko hotelini Meru, kila mtu na kitambulisho shingoni. Asubuhi niliingia ukumbi usio wangu, nikatazama grafu mpaka watu wakapiga makofi ndipo nikagundua. Nikahama. Huko nako grafu. Kila anayezungumza amefaulu, wanafunzi wake wote wameelewa. Basi wangu wametoka wapi? Nimewafundisha kuiambia kompyuta irudie kazi mpaka ifike mahali pa kuacha. Programu zao zinarudia tu, haziachi. Jumatatu narudi kwao na sijui niseme nini.

"Ungeandika makala, kamati ingeipitia," Kithinji alisema.

"Ingenijibu lini?"

"Mwakani."

"Na wanafunzi wangu wakae wakirudia mpaka mwakani?"

Alicheka kidogo, halafu akakumbuka yeye ni mwenyekiti. "Ratiba imejaa, Mama Ruguru. Sasa hivi ni chai."

Nilitazama foleni ya chai. Wote wa grafu walikuwa pale, vikombe vitupu mkononi. Hakuna ambaye angeondoka.

Nikapanda juu ya kiti.

"Walimu, msitoke kwenye foleni! Mimi ni Karimi, nafundisha kompyuta, natoka Kianjai. Kuna somo limenishinda. Leo nyinyi ndio wanafunzi. Wa mbele, chukua andazi moja, urudi nyuma ya foleni. Anayefuata, vivyo hivyo."

Walitazamana. Profesa mmoja mwenye tai akachukua andazi, akaenda nyuma. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Mandazi sahanini yalianza kupungua.

"Umekosea hapo hapo, Karimi!" Kithinji alipaza sauti. Alikuwa ameshajipanga mwisho wa foleni. "Umewaambia warudie kabla ya kuwaambia waache lini!"

"Rudisheni mandazi," nikasema. "Tunaanza upya."