Pazia la Jiko la VC10

Mbele, ndani ya ndege ya VC10, palikuwa kimya mno, na kimya hicho ndicho kilichomvua nguo Kapteni Lonsdale. Injini zote nne zilikaa nyuma kabisa, chini ya mkia, na kelele zao zikabaki huko huko. Kijiko kikigonga kikombe safu ya kwanza, mtu wa safu ya nne alisikia. Abiria wa daraja la kwanza walilipia raha hiyo. Kapteni alikuwa ameisahau. Miaka ishirini alirusha ndege za pangaboi, ambamo mtu akitaka chumvi sharti apaze sauti kama mnadi, na mdomo wake haukuwahi kubadilishiwa ndege.

Mchana ule wa Oktoba 1967, wakirudi London kutoka Nairobi, mhudumu Hilary Thwaite alikuwa katikati ya viti akikata nyama. Ndivyo shirika lilivyotaka: pande zima la nyama ya ng'ombe lililookwa liletwe kwa toroli hadi mbele ya abiria, na mhudumu alikate vipande vyembamba huku akitabasamu. Hilary alikuwa ametabasamu hivyo kwa miaka tisa. Kando yake alisimama Philippa Nunn, mwenye miezi mitatu tu kazini, ameshika bakuli la mchuzi.

Nyuma ya pazia la jiko, hatua tatu kutoka walipokuwa, kapteni alikuwa amekuja kunywa chai na mkuu wa wahudumu, Bwana Pargeter. Akaanza kusimulia jinsi Philippa alivyomgongea mlango hotelini Nairobi, alivyovaa, alivyombembeleza, na doa la kuzaliwa alilokuwa nalo, na mahali lilipo. Alisimulia kwa sauti ya pangaboi. Pargeter alichekea puani, kama nguruwe aliyemwagiwa maganda.

Ulikuwa uongo mtupu. Hilary alijua, kwa sababu alilala chumba kimoja na Philippa. Aliyegonga ni kapteni mwenyewe. Alinong'ona kwenye tundu la ufunguo nusu saa nzima, na wao wawili wakasukuma kabati dogo la droo hadi mlangoni, wakalikalia.

Nyama ikamgeuka Hilary machoni. Mafuta yalikuwa yameganda pembeni, maji mekundu yametuama kwenye sinia, na mkono wake ulinuka vyote viwili. Abiria kumi na sita walikuwa wamesimamisha uma. Bwana mmoja mwenye mvi akakunja gazeti lake vizuri, kisha akaanza kumkagua Philippa, kutoka kiunoni kushuka, taratibu, kama anayelitafuta hilo doa. Huyo alimchefua kuliko kapteni. Mchuzi ulikuwa ukimiminika kwenye viatu vya Philippa, naye hata hakuona.

Hilary akaweka kisu chini, akalivuta pazia hadi mwisho.

"Kapteni," akasema, "mama wa safu ya tatu hakusikia vizuri ulipofika kwenye doa. Njoo umrudilie. Na ukifika kwenye habari ya mlango, uwaambie pia nani aligonga, maana mimi nilikuwa ndani nimekalia kabati."

Makombo ya biskuti yalikuwa yamemnasa kapteni kwenye masharubu. Aliyalamba, akageuka, akarudi kwenye usukani wake, masikio yamemwiva.

Siku ya pili Hilary aliitwa ofisini kwa Bibi Cathcart, msimamizi wa wasichana. Mizani ilikuwa palepale pembeni, ile ambayo kila msichana aliipanda apimwe uzito kabla ya safari. Bibi Cathcart hakubisha kwamba kapteni alisema uongo. Alisema tu kwamba kapteni ameaibishwa mbele ya abiria, anataka barua ya kuombwa radhi, na isipoandikwa kabla ya chakula cha mchana, Hilary arudishe beji. Kazi nyingine Hilary hakuwa nayo, wala hakuijua.

"Hilary, mpenzi," akasema kwa upole, "sote tumeshikwashikwa. Mimi nimebanwa jikoni na watu ambao leo picha zao zimetundikwa kule ukumbini. Nikachemsha chai, nikaendelea. Mistari miwili tu. Hata si lazima iwe ya kweli."

"Na Philippa ataandikiwa na nani?"

"Philippa ameacha kazi asubuhi."

Akamsukumia karatasi na kalamu. Kifuniko cha kalamu kilikuwa kimetafunwa chote, alama za meno juu ya alama za meno. Hilary akakitazama, akawaza ni wasichana wangapi walikaa kwenye kiti hiki wakikitafuna huku wakitunga mistari miwili ileile. Hakuweza kukigusa.

Akaifungua beji ya mabawa kifuani, akainuka, akaiweka juu ya mizani. Mshale haukusogea hata kidogo.

"Siandiki," akasema. "Sikukosa kitu, na siombi radhi."