Mama Thelathini na Tisa

Jina hilo nilipachikwa siku ya tano ya joto, na aliyelitangaza ni muuza magazeti wa kona ya ofisini kwetu. "Mama Thelathini na Tisa, shikamoo! Leo unatupa ngapi?" Wateja wake wakacheka. Mimi si mtu wa kutaniwa barabarani asubuhi, tena na mtu ambaye magazeti yake yenyewe yamejikunja kwa jua. Nilinuna nikapita. Lakini jina lilishika, na kusema kweli lilinistahili.

Kazi yangu ni kupima hali ya hewa. Kila siku saa tisa alasiri ninatoka ofisini, ninafuata kijia cha kokoto hadi kwenye sanduku jeupe linalosimama kwa miguu minne katikati ya uwanja wa nyasi, ninafungua kilango chake, ninasoma kipimajoto, ninaandika daftarini na kutia sahihi. Sanduku likisoma nyuzi arobaini, tunatoa tahadhari nyekundu, na hapo sheria inasema mtu yeyote anayefanya kazi juani ashuke, atoke, akae kivulini mpaka jua lipungue. Lisiposoma arobaini, watu wanaendelea na kazi. Kukisia hakuruhusiwi.

Kwa siku tisa lilisoma thelathini na tisa na kidogo. Mara nukta mbili, mara nukta sita, mara nukta nne. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Zahanati iliyo mkabala na geti letu ilitandika mikeka barazani kwa sababu vitanda vilikwisha. Nami kila saa saba mchana nilikaa mbele ya maikrofoni ya redio, kwenye kachumba ketu ka matangazo, nikitegemea kipimo cha jana yake, nikawaambia watu kwa sauti tamu kwamba kuna joto kali, wanywe maji, ila hakuna tahadhari nyekundu.

Aliyekuwa akiumia na nambari yangu kuliko wote alikuwa anakula nyumbani kwangu. Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa mabati, na mwezi huo walikuwa wanaezeka soko jipya. Wenzake wanamwita Chuma, kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kitu kimemshinda. Nyapara wao alikuwa na redio ndogo aliyoitundika kwenye ngazi. Nikimaliza kutangaza tu, anaizima na kusema, "Haya, dada yake Chuma hajasema arobaini. Pandeni."

Asubuhi ya siku ya kumi, Chuma alikaa mezani akahangaika na kifungo cha shati. Kifungo kimoja tu. Vidole vilikipata, vikakipoteza, vikakipata tena. Midomo ilikuwa imepasuka, na alipoongea maneno yalijikokota utadhani ametoka kulewa, naye pombe haijui.

"Leo huendi," nilimwambia.

"Nikae kwa nini? Si wewe unayesema thelathini na tisa?"

"Unaumwa, Chuma."

"Ninaumwa nini? Joto halijafika, serikali imesema. Dada, usinichekeshe."

Ningemwambia nini, kwamba asiamini redio, wakati redio ni mimi? Alifunga kifungo kwenye tundu lisilo lake, akachukua nyundo akatoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ambacho mwanawe hakukigusa.

"Wewe unayepima hewa," mama aliniambia, wala hakupandisha sauti, "hebu siku moja umpime na ndugu yako."

Maneno hayo niliondoka nayo hadi ofisini, na kila nilipojaribu kuandika utabiri yalinikalia mbele ya macho. Saa sita na nusu uvumilivu ulinishinda. Nikainuka, nikatoka kwenda uwanjani, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya kwa miaka kumi na minne, maana sanduku halifunguliwi ovyo nje ya saa zake na hakuna mwenye akili timamu anayetembea pale saa sita mchana wakati wa kiangazi.

Nikamkuta Mzee Mpira. Ni mtunza bustani wetu, na jina hilo tumempa kwa sababu mpira wa maji haumtoki mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku langu, kofia imemfunika masikio, akilimwagia maji. Juu, ubavuni, chini ya miguu yake, kote. Alikuwa analiogesha taratibu kama mtu anayeogesha mtoto mchanga.

"Mzee! Unafanya nini?"

Aligeuka bila wasiwasi wowote. "Ninakipoza kipimajoto, dada. Kinaungua, masikini."

"Umeanza lini?"

"Tangu joto lianze. Kila nusu saa kuanzia saa tano. Saa nane na nusu ninaacha, pakauke, usije ukachafua viatu."

Ndani ya sanduku lile mna vipimajoto viwili. Kimoja kimevalishwa kitambaa, nami kila asubuhi ninakilowanisha kwa kichupa, ili kitusaidie kujua unyevu wa hewa. Cha pili ni kikavu, na hicho ndicho kinachotoa nambari ya joto. Nikakumbuka asubuhi moja mwanzoni mwa joto, Mzee Mpira akiwa nyuma yangu, akauliza, "Mbona huyu unamnywesha, na mwenzake humpi?" Nami kwa kujifanya mcheshi nikamjibu, "Huyo mwenzake amezoea shida, Mzee." Nikacheka, nikaenda zangu. Kumbe mwenzangu hakucheka. Aliona uonevu, akaamua kuuondoa.

Sikuweza hata kumgombeza. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Siku zote tisa vipimajoto vile viwili vilikuwa vinasogeleana kuliko kawaida, dalili kwamba hewa ya sandukuni ina unyevu usio wa kiangazi. Niliona. Nikajiambia ni upepo tu umeleta unyevu, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Miaka kumi na minne ya kazi, na mpira wa maji umenipita mbele ya macho.

"Funga bomba, Mzee," nilimwambia. "Leo usilimwagie tena."

Nililipangusa sanduku kwa khanga niliyokuwa nimejitupia mabegani, nikasimama pale juani mpaka likakauka, nikafungua kilango. Ilikuwa saa saba kasoro dakika sita. Arobaini na moja, nukta nane. Na bado kilikuwa kinapanda.

Mkuu wa kituo nilimkuta kwenye korido, na nilimweleza yote kwa pumzi moja. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa karatasi kuliko jua. Alitoa leso, akajifuta shingo, akafikiri.

"Kipimo cha saa saba hakimo kwenye utaratibu," alisema. "Subiri saa tisa. Ikisoma arobaini tutatoa tahadhari. Ni saa mbili tu."

"Mkuu, mdogo wangu yuko juu ya bati sasa hivi. Na wadogo wa wenzangu wako juu ya bati."

"Ninakuelewa. Lakini zile siku tisa utazisemaje? Utatuvua nguo mbele ya watu. Turekebishe kuanzia leo, kimyakimya, mambo yaishe."

Damu ilinichemka, nisiseme uongo. Sikumchemkia yeye peke yake. Nilijichemkia mwenyewe, kwa sababu neno lile kimyakimya lilikuwa limeshanipitia kichwani kule kwenye sanduku, kabla hajalitamka.

"Mambo hayajaisha kwa walioko kwenye mikeka pale zahanati," nilimwambia. Nikaingia kachumba ka matangazo nikatia komeo.

Taa nyekundu iliwaka. Karatasi ya utabiri niliigeuza kichwa chini, nikasema niliyokuwa nayo.

"Hapa ni kituo cha hali ya hewa. Mimi ndiye mnayemwita Mama Thelathini na Tisa, na nimewapa nambari ya uongo kwa siku tisa. Kipimajoto changu kilikuwa kinamwagiwa maji, na mimi ambaye kazi yangu ni kujua sikujua. Joto la sasa hivi ni nyuzi karibu arobaini na mbili, na linapanda. Hii ni tahadhari nyekundu. Uliye juu ya paa, shuka. Uliye barabarani na koleo, liweke chini. Msimamizi atakayekwambia endelea, mwambie amenisikia, na jina langu aliandike, mimi ndiye nitakayejibu. Ukimwona mwenzako ameacha kutoka jasho, ulimi unakuwa mzito, anashindwa kufunga kifungo, usimcheke. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mkimbize zahanati. Wiki hii kuna watu wameanguka kazini huku mimi ninasema bado. Sitasema bado tena."

Mkuu alikuwa anagonga mlango. Nilimwacha agonge. Simu ya mezani ikalia, nikainyanyua, akawa nyapara wa soko jipya.

"Hiyo ni rasmi?" aliuliza.

"Ni rasmi."

"Karatasi yake nitaiona wapi? Mimi nikisimamisha kazi bila karatasi, hasara ninakula mimi."

"Karatasi ni mimi. Washushe!"

Halafu nikamsikia akipiga filimbi, na nyuma yake nyundo zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine. Nikahesabu moyoni mpaka ikabaki moja. Hiyo haikunyamaza. Ilikuwa inapiga polepole, bila mpango, kama mtu aliyesahau anachopigilia.

"Huyo nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ni Chuma. Amegoma. Anasema dada yake alisema thelathini na tisa."

Nililia. Nililia na kugomba kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikujua kinawezekana. "Nenda na simu yako mpaka chini ya ngazi! Weka sauti kubwa!" Nikasikia anakimbia kwenye kokoto, anahema, kisha upepo. Nikapaza sauti kama nilivyokuwa nikipaza alipokuwa mdogo na amekwea mahali pasipokweleka. "Chuma! Ni mimi dada yako! Nilikosea! Unanisikia? Mimi, dada yako mkubwa nisiyekoseaga, nimekosea! Shuka haraka kabla sijakufuata huko juu na gauni hili!"

Nyundo ikanyamaza.

"Anacheka," nyapara alisema. "Anasema rudia hapo pa kukosea." Halafu sauti ikambadilika. "Mshikeni! Mshikeni miguu, anaachia ngazi!"

Simu ikakatika.

Nilifungua komeo, nikampita mkuu bila kumwona, nikatoka hadi getini. Nilisimama pale juani nikitazama barabara. Walikuja na gari la kubebea mabati, mafundi sita, na mdogo wangu amelala katikati yao, macho nusu wazi, ngozi kavu. Zahanati haikuwa na nafasi hata ya mtu kukaa. Nesi alitoka mbio, akamgusa shingo, akasema, "Maji! Mengi, sasa hivi, hapa hapa!"

Sikuhitaji kuita. Mzee Mpira alikuwa ameshavuka barabara, mpira unamfuata vumbini. Alimwogesha Chuma taratibu, kichwani, kwapani, tumboni, huku mafundi wakimpepea kwa vipande vya maboksi. Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mzee wala hakuyafuta. Baada ya muda usio na kipimo Chuma alikohoa, akanitazama, akanitambua.

"Arobaini na ngapi?" alinong'ona.

"Nyamaza, kichwa ngumu wewe."

"Mko salama mkishamwona anauliza maswali," nesi alisema, akaenda kwa mwingine. Maana walikuwa wanakuja wengine, kutoka mapaa na mitaro ya mji mzima, wakitembea wenyewe au wakishikiliwa, na Mzee Mpira alimpokea kila mmoja kwa maji.

Saa tisa kamili nilivuka kurudi uwanjani, nimelowa mpaka viatuni. Mkuu alikuwa dirishani na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua ya kunisimamisha kazi, nami nilijua, ila saa tisa ni saa tisa na mpimaji bado nilikuwa mimi. Niliweka daftari juu ya goti. Kwanza nilipiga mstari kwenye zile siku tisa, nikaandika kando ya kila moja "si sahihi", kwa wino, na sahihi zangu tisa chini yake. Kisha nikafungua kilango.

Mzee Mpira alikuwa amenifuata kuja kufungua bomba la pili. Alichungulia begani kwangu, akaona ule mstari mwembamba wa zebaki umepita arobaini na mbili, akakunja uso kwa uchungu.

"Kinaungua, dada."

"Kiache kiungue, Mzee," nilimwambia. "Ndiyo kazi yake. Maji peleka kwa watu."