Mstari wa Nchi ya Nne

Iribagiza alikuwa amepewa kazi ya kuchora takwimu za mauaji ya magenge katika nchi sita, za miaka ishirini. Taasisi ya utafiti iliyomwajiri ilikuwa imeficha majina ya nchi hizo, ikazipa namba tu. Alifanyia kazi nyumbani kwao Nengo, mtaa ulio ng’ambo tu ya mpaka kutoka Goma, kwenye meza ya chakula. Nchi tano hazikumsumbua: mistari ilipanda taratibu, ikashuka taratibu. Ya nne ndiyo iliyomkosesha raha. Mwaka mmoja mauaji yalikuwa kileleni. Mwaka uliofuata yalipungua kwa nusu.

“Baba, magenge yanawezaje kuacha kuua ghafla hivi?”

Mzee Nziza, polisi mstaafu aliyekulia Tanzania, aliinamia kompyuta. “Labda wakubwa wao walikamatwa. Labda walipatana. Au genge moja liliyameza mengine, likabaki bila wa kupigana naye.”

“Lipi kati ya hayo?”

“Mwanangu, mstari hausemi. Tafuta.”

Msimamizi wake, Kayitare, hakuona cha kutafuta. Alisema kwenye simu kwamba hiyo ni habari njema, na kichwa cha ripoti tayari anacho: Amani Imerudi.

Mchana huo jirani yao Claudette, muuza vitenge aliyerudi kutoka Goma baada ya kuishi huko miaka mingi, alipita kuwasalimia. Iribagiza akamwonyesha mstari na kumuuliza swali lile lile.

Claudette aliutazama. “Bon. Mutu akiuliwa, nani anaambia polisi kama ni genge?”

“Ndugu zake, nadhani. Au walioona.”

“Donc, wakinyamaza?”

Claudette akavuta kiti.

“Kaka yangu Mugabo walimuua kule Goma. Wenye walimuua tuliwajua. Walikuwa wanapita mbele ya mulango yetu kila siku, wanasalimia mama. Polisi alipouliza, mama alisema, hatujue. Na mi nilisema hatujue. Tulikuwa na muloko wetu, mutoto mudogo wa mwisho kwa mama, tuliogopa watamufuata.”

Iribagiza alimpa pole. Kisha hakuweza kujizuia. Alirudi kwenye takwimu, akatafuta mauaji ya nchi ile ile ambayo muuaji hakujulikana, akayachora juu ya mstari wa kwanza. Mwaka ule ule mauaji ya magenge yaliposhuka, haya yalipanda, karibu kwa kiasi kile kile.

Akampigia Kayitare, akamweleza alichokiona.

“Kwa hiyo amani imerudi au haikurudi?” Kayitare aliuliza kwa ukali.

“Sijui bado. Ninachojua ni kwamba huenda watu waliacha kuyataja magenge. Nataka kujua ni nini kiliwafunga midomo.”

Kayitare alinung’unika, lakini kichwa cha ripoti akakifuta, na akamwongezea muda.

Claudette alikuwa bado ameketi, macho kwenye kompyuta.

“Kama hii ni inchi yenye tulikuwa, Mugabo iko wapi hapa?”

Iribagiza alisita, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa pili. “Angekuwa huku, Mama. Kwa wale ambao muuaji wao hajulikani.”

“Lakini mi namujua.”

Mzee Nziza, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, aliingia akaketi.

“Ni nani?” Iribagiza aliuliza kwa sauti ya chini.

Claudette aliangalia dirishani, barabara ilikuwa imejaa watu. Hakungoja wapite. Akataja jina.