Mwanga Uliokwenda Nyuma ya Stoo

Meneja Byabato alifungua kompyuta ya kukunja ya mradi wa kahawa pale Nyabiyonza wakati Anonciata anafuta tope barazani, na kioo kikabaki cheusi. Mashine ilivuma kama kawaida, taa ndogo ya kijani ikawaka ubavuni, lakini usoni giza tupu. Byabato akaizima, akaiwasha tena, akaipiga kofi dogo la mgongoni. Halafu akamtuma dereva Kayanga kumleta fundi.

Ulikuwa mwaka tisini na saba, mvua hazikatiki. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimeshafungwa, na tangu hapo mtu mwenye asili ya Rwanda, ng'ambo ya mto, akikosekana mahali, jibu lilikuwa moja: karudi kwao. Ndivyo Anonciata alivyojibiwa kuhusu mumewe, Polikarpi, kibarua aliyekuwa akichimba shimo la choo nyuma ya stoo ya ofisi hiyo hiyo. Alitoka nyumbani na koleo begani siku ya mvua kubwa, hakurudi. Byabato alimpa pole, akasema watu wa kule ndivyo walivyo, damu huwavuta. Kisha akampa kazi ya kufagia na kuchemsha chai, na watu wakamsifu meneja kwa moyo wake.

Fundi Projest alifika mchana, suruali imelowa hadi magotini. Aliwasha mashine, akazima taa ya ofisi, akalaza tochi kwenye kioo upandeupande.

"Sogea uone, meneja."

Ndani ya weusi ule, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, kulikuwa na herufi.

"Kioo kizima," alisema Projest. "Picha ipo. Kinachokosekana ni mwanga wa nyuma."

Akafungua fremu kwa bisibisi, akafika kwenye taa nyembamba kama bua la nyasi. Haikuwa imeungua. Kibao kinachoipelekea umeme nacho akakipima, kikawa sawa. Akajikuna shavu.

"Mwanga unatoka," alisema mwishowe. "Ila haufiki hapa. Unakwenda mahali pengine."

Anonciata alikuwa mlangoni na birika la chai. "Uko nyuma ya stoo," alisema. "Mashine ikifunguliwa, ardhi ya pale inawaka. Ikifungwa, inazimika. Nimeiona nikimwaga maji."

"Mbona hukusema?" aliuliza Byabato.

"Nilidhani ni taa ya mradi."

Wakatoka mvuani, mashine imeachwa inavuma mezani. Pale shimo la choo lilipokuwa limefukiwa, udongo uling'aa weupe wa maziwa, na mizizi ya migomba ilionekana ndani yake kama mishipa mkononi. Byabato alisema ni heri wasubiri mvua ipungue. Projest akaazima jembe, akachimba.

Polikarpi alikuwa ameketi chini kabisa, magoti yamegusa kifua, koleo mapajani. Mwanga ulikuwa ukimtoka mbavuni.

"Mko wazima?" aliuliza.

"Tupo," alisema Anonciata. "Na wewe?"

"Mimi nilikufa. Kingo ziliniangukia." Akainua macho kwa Byabato. "Nilikusikia huku juu, meneja. Ulisema waongeze udongo, wasawazishe."

"Sikuwa na hakika kama uko ndani."

"Niliita."

"Mvua ilikuwa kubwa," alisema Byabato.

Polikarpi hakubishana. Alimgeukia mkewe. "Waliwaambia nimekwenda wapi?"

"Rwanda."

Akapangusa udongo kwenye koleo. "Mbona sijawahi kufika."

Ni kweli. Alizaliwa Igurwa, upande huu huu wa mto, akaoa Igurwa, na Rwanda aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu. Anonciata alisimama ukingoni akitafuta hasira yake. Kwa miezi alikuwa amemlaani mume huyu kila alipopika ndizi za kuwatosha watoto peke yao. Koti lake aliligawa, na watoto akawakataza kumtaja. Sasa hasira ile haikuwa na pa kukaa, na alichobaki nacho kilikuwa kizito kuliko hasira.

"Tumtoe," alisema. "Nikamzike kwenye kibanja chetu."

"Tukimtoa, polisi watataka maelezo," alisema Byabato. "Na Ijumaa wageni wa mradi wanafika." Akamgeukia fundi. "Tukimtoa, mwanga utarudi?"

"Hilo siwezi kuahidi. Ila mashine ikikaa juu yake, utapanda."

Wakaileta mashine pale, wakaiweka juu ya stuli chini ya mwavuli. Kioo kikawaka kuliko siku kilipokuwa kipya. Projest alifunga mkoba wake, akampa Anonciata pole, akaondoka na dereva.

Udongo ulirudishwa, safari hii bila haraka. Anonciata alitembea hadi ofisi ya kata. Mtendaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba mtu aliyekwisha kwenda Rwanda hawezi kuwa chini ya ardhi ya Nyabiyonza. Aliporudi alikuta mafundi wanamwaga zege. Kufikia Ijumaa kulikuwa na chumba kidogo cha bati, na meza katikati. Wageni walisoma mavuno ya kahawa kwenye kioo kile, wakasema hata Bukoba hawajaona kinachong'aa hivyo.

Anonciata ndiye anayefagia chumba hicho. Mashine ikiwa imewashwa, Polikarpi husema kutoka chini: huuliza kama watoto wamekula, kama kahawa imeanza kuiva. Ikizimwa hanyamazi kwa makusudi. Hayupo tu, kama redio iliyoishiwa betri.

Byabato hakumkataza kuja. Alimwomba kitu kimoja tu, tena kwa heshima: asizungumze na sakafu saa za kazi. Jioni, kabla ya kwenda kwake, yeye mwenyewe huizima mashine, huikunja, huitia kwenye begi, na huondoka nayo.